Kampuni Ikishinda, Mwanahisa Mdogo Atapata Nini?

Fedha za mifuko ya uwekezaji ya nje zilipoanza kukauka, kampuni changa za Nairobi zilizokuwa zikisifiwa kwenye kila kongamano la teknolojia zilianza kufunga moja baada ya nyingine. Kune Foods ilizima majiko yake 2022. Sendy ikafuata 2023. Mei 2024 ikawa zamu ya Copia, iliyokuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji, kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Tangu hapo kuna wazo linalorudi kila vijana wa kampuni hizi wanapokutana: kama wageni wamefunga mikoba, twende kwa wananchi. Na njia ipo. Kenya ilitunga kanuni za kuchangisha mtaji kwa umma mtandaoni, yaani kampuni kuwauzia wananchi wengi hisa kidogo kidogo, mwaka 2022, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kampuni ndogo inaruhusiwa kukusanya hadi shilingi milioni 100 ndani ya miezi 12 kupitia jukwaa lenye leseni, na mwananchi wa kawaida asizidishe shilingi 100,000. Nigeria ilikuwa imetangulia 2021 kwa kanuni zake, zinazomtaka mwekezaji wa kawaida asivuke asilimia 10 ya kipato chake cha mwaka.

Mjadala unaozunguka jambo hili umegawanyika pande mbili, na zote mbili, kwa maoni yangu, zinabishania swali lisilo lenyewe. Wanaounga mkono wanasema hatimaye mama mwenye duka Kayole naye atamiliki kipande cha kampuni itakayokua, badala ya faida yote kwenda kwa wawekezaji wa California. Wanaopinga wanasema kampuni changa nyingi hufa, na matapeli watajaa. Upande mmoja unaahidi ushindi, mwingine unaonya juu ya kifo. Hakuna anayeuliza swali la katikati: kampuni isipokufa, ikakua, ikauzwa kwa fedha nzuri, aliyenunua hisa kwa simu yake atapata nini? Jibu ni kwamba anaweza kupoteza hata hapo. Hatari kubwa ya biashara hii imo ndani ya hisa yenyewe, yaani daraja lake, haki zake na mlango wake wa kutokea, na hapo ndipo kanuni zetu na magazeti yetu hayaangalii.

Tuanze na walikotangulia. Uingereza ndiyo iliyokwenda mbali mapema. Majukwaa ya Crowdcube na Seedrs yalianza kazi mwanzoni mwa muongo uliopita, na mwaka 2014 msimamizi wa masoko wa nchi hiyo akaweka kanuni: mtu wa kawaida athibitishe kwamba hataweka zaidi ya asilimia 10 ya mali yake inayoweza kuwekezwa. Marekani ilipitisha sheria Aprili 2012, Rais Barack Obama akaitia saini, lakini kanuni za kuitekeleza zilichelewa hadi Mei 2016. Kampuni iliruhusiwa kuchangisha dola milioni 1 kwa mwaka, na tangu 2021 kikomo kikapandishwa hadi dola milioni 5. Kwa hiyo tunayo zaidi ya miaka kumi ya mafunzo ya wengine, na hatuna sababu ya kuanza kana kwamba sisi ndio wa kwanza.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu ndipo jambo lenyewe lilipo. Tuseme kampuni moja ya Nairobi imethaminiwa shilingi milioni 80. Inakwenda kwa umma, watu 400 wanaweka shilingi 50,000 kila mmoja, inapata milioni 20. Thamani sasa ni milioni 100 na wananchi wanamiliki asilimia 20 kwa hisa za kawaida. Miaka miwili baadaye anakuja mwekezaji mkubwa na shilingi milioni 200, anachukua asilimia 40. Kampuni sasa ina thamani ya milioni 500, picha zinapigwa, na wananchi wanaambiwa hisa zao zimepanda mara tatu ingawa sehemu yao imeshuka hadi asilimia 12. Kisichotangazwa ni kwamba mwekezaji huyu hakuchukua hisa za kawaida. Amechukua hisa za upendeleo, na mkataba wake unasema kampuni ikiuzwa, yeye anarudishiwa milioni 200 zake kwanza, kisha anagawana kinachobaki na wengine kwa asilimia yake. Kampuni inauzwa kwa milioni 300. Si haba, ni mara tatu ya thamani waliyonunulia wananchi. Mwekezaji anachukua 200. Zinabaki milioni 100. Anachukua 40 nyingine. Wananchi wanapata asilimia 12 ya milioni 100, yaani milioni 12. Waliweka 20. Kila aliyetoa 50,000 anarudi nyumbani na 30,000, huku magazeti yakiandika habari ya mafanikio.

Masharti yanaweza kuwa laini zaidi. Mkataba ukisema mwekezaji achague moja, ama arudishiwe fedha zake ama agawane kwa asilimia, atachagua milioni 200 na kuachana na mgawo. Hapo wananchi wanapata sehemu yao ya milioni 100 zilizobaki, ambayo kwa hesabu hii inafika milioni 20 kamili. Yaani wamesubiri miaka mitano au saba, bei ya unga imepanda wanavyojua wenyewe, wamerudishiwa shilingi zile zile. Hisa, ukiiangalia vizuri, ni nafasi kwenye foleni ya malipo, na hisa ya kawaida ni nafasi ya nyuma. Asilimia haina maana mpaka ujue nani amesimama mbele yako na anadai kiasi gani.

Mfano huo nimeutunga, lakini mambo yenyewe yametokea. Kampuni ya bia ya BrewDog ya Scotland ilianza kuuzia wanywaji wake hisa mwishoni mwa muongo wa 2000, kwa mpango iliouita Equity for Punks. Ilirudia mara kadhaa, na wanahisa wadogo wakawa makumi ya maelfu. Mwaka 2017 mfuko wa Marekani uitwao TSG Consumer Partners uliingia kwa pauni milioni 213 na kuchukua takriban asilimia 22. Kampuni ikasemekana ina thamani ya karibu pauni bilioni 1, na wanywaji wakashangilia. Lakini hisa za TSG zilikuwa za upendeleo, zenye haki ya faida ya asilimia 18 kwa mwaka inayojilimbikiza juu ya yenyewe. Chukua kalamu: pauni 100 kwa asilimia 18 ya aina hiyo zinakaribia 194 ndani ya miaka minne, na ndani ya minane ni 376. Kila mwaka uliopita bila kampuni kuuzwa, dai la aliye mbele lilizidi kunenepa, na kilichobaki kwa mnywaji wa bia kikazidi kukonda, hata kama mauzo ya bia yenyewe yalikuwa yakipanda. Hapakuwa na utapeli. Kila kitu kiliandikwa na kutiwa saini kisheria. Ndiyo maana onyo la kawaida la "jihadhari na matapeli" halisaidii hapa.

Wanaounga mkono wana mfano wao, nao ni wa kweli, tena mtamu. Mwaka 2016 benki ya simu ya Monzo ilichangisha pauni milioni 1 kwenye Crowdcube kwa sekunde 96. Mwaka huo huo Revolut, kampuni nyingine ya huduma za fedha kwa simu, nayo ilichukua pauni milioni 1 kwa umma kupitia jukwaa hilo, na kufikia 2021 ilikuwa imekadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 33. Aliyeweka pauni mia chache pale alipata utajiri ambao asingeupata popote pengine. Sikatai. Ila mfano huu unatufundisha jambo tofauti na lile wanalotaka tujifunze. Kampuni inapokua mara mia kadhaa, foleni haina umuhimu, kwa sababu fedha zinawatosha wote. Madaraja ya hisa huuma pale kampuni inapokuwa ya wastani: imeuzwa, lakini si kwa mabilioni. Na kampuni nyingi zinazofanikiwa, hapa kwetu na kwingineko, hufanikiwa kiwastani. Kumpigia mwananchi hesabu ya Revolut ni kumpigia hesabu ya tukio ambalo masharti hayajali, ili asiulize juu ya matukio ambayo masharti ndiyo kila kitu. Sisemi chochote kuhusu zile zilizokufa moja kwa moja, kama Rebus Group ya Uingereza, iliyochukua zaidi ya pauni 800,000 kwa umma mwaka 2015 na mwaka uliofuata ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi.

Wanaopinga nao tuwasikilize. Hoja yao nzito ni kwamba mwananchi wetu ameumizwa mara nyingi mno. Tanzania haijasahau mpango wa upatu wa DECI, ambako watu "walipanda mbegu" wakiahidiwa mavuno, mpaka serikali ilipoingilia kati 2009. Kenya ina orodha yake ya vyama vya ushirika wa viwanja na miradi ya mtandaoni. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa tena "wekeza kwa simu" ana haki ya kushtuka. Lakini hitimisho la kwamba wananchi wazuiwe kabisa ndilo ninaloliona dhaifu. Mtu huyo huyo anayezuiwa kununua hisa ya kampuni iliyosajiliwa, yenye hesabu zilizokaguliwa, anaruhusiwa kuweka mshahara wote kwenye kamari ya mpira Jumamosi moja. Ukimfungia mlango wenye msimamizi unampeleka kwenye milango isiyo na msimamizi, na DECI ilistawi wakati ambapo hakuna njia hizi zilizokuwepo.

Hoja dhaifu kuliko zote, hata hivyo, ni ile ambayo kanuni zenyewe zimeegemea: kwamba kikomo cha fedha kinatosha kumlinda mdogo. Shilingi 100,000, tunaambiwa, hazimuui mtu. Mwenye kusema hivyo aende akawaulize wanaozihesabu kwa miezi sita ya faida ya kibanda. Tena kikomo kinapunguza ukubwa wa hasara tu. Hakigusi kabisa jinsi kilichobaki kinavyogawanywa. Ni kama kumwambia abiria kwamba nauli haitazidi kiasi fulani bila kumwambia gari linakwenda wapi. Hata Uingereza, baada ya muongo mzima wa uzoefu, mabadiliko makubwa ya 2022 yaliweka maonyo makali zaidi, saa 24 za kutafakari kwa anayewekeza mara ya kwanza, na marufuku ya zawadi za kuleta rafiki. Onyo lenyewe linamwambia mtu asiwekeze kama hayuko tayari kupoteza fedha zote. Ni onyo la kweli, na ni onyo kuhusu kampuni kufa. Juu ya kampuni inayoishi halisemi kitu.

Kuna mkanganyiko mwingine wa kwetu unaohitaji kufunguliwa. Mpwa wangu aliponitumia kiungo cha kampuni moja kwenye WhatsApp, swali lake lilikuwa fupi: "Mjomba, hii ni kama ile ya Safaricom?" Nadhani Wakenya wengi watauliza hivyo hivyo. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5, waombaji wakapita laki nane, wengine wakakopa benki ili wanunue. Bei ikashuka hadi chini ya shilingi 3 kabla ya kuja kupanda miaka ya baadaye, na waliovumilia wamekula gawio mwaka baada ya mwaka. Tofauti ni hii: aliyekata tamaa 2009 aliweza kumpigia dalali wake na kuuza siku hiyo hiyo, kwa hasara, lakini akauza. Hisa ya kampuni changa haina soko. Huwezi kuiuza karo ya shule inapodaiwa. Haina gawio pia, kwa sababu kampuni inayokua hula kila senti inayopata. Mlango wa kutokea ni mmoja, kampuni kununuliwa au kwenda soko la hisa, na ufunguo wake wanao waanzilishi na wawekezaji wakubwa. Na hata soko likiwepo halitoi uhakika: Home Afrika, ya kwanza kuingia kwenye ngazi ya kampuni zinazokua ya Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2013, iliingia kwa shilingi 12 na baadaye ikauzwa chini ya shilingi moja.

Halafu kuna swali ambalo sijalisikia likiulizwa hadharani hata mara moja: hisa za kampuni ipi? Kampuni nyingi changa za Afrika Mashariki zinazotafuta fedha za nje husajili kampuni mama Delaware, Marekani, kwa sababu ndivyo wawekezaji wa huko wanavyotaka. Jina la biashara, programu, mikataba mikubwa, vyote huhamia kule, na kampuni ya Nairobi inabaki kuwa tawi linalolipa mishahara na kodi ya ofisi. Mwananchi aliyenunua hisa za kampuni ya Nairobi kabla ya uhamisho huo atakuwa na nini baadaye? Kama mkataba wake haukusema kwamba hisa zake zitabadilishwa kuwa za kampuni mama, anaweza kujikuta anamiliki sehemu ya tawi ambalo halina kitu cha kuuza. Marekani kwenyewe kuna mtego unaofanana: kampuni nyingi zinazochangisha kwa umma haziuzi hisa kabisa, bali ahadi ya kupewa hisa siku fulani ikitokea raundi fulani ya kuchangisha mtaji. Mwaka 2017 mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko ililazimika kuwaonya wananchi kwamba ahadi hizo si hisa, na kwamba tukio linalosubiriwa huenda lisitokee kamwe.

Waanzilishi wana jibu lao, nalo si la kupuuza. Wanasema ukimpa kila mwanahisa wa shilingi 50,000 kura na haki ya kuzuia, hakuna mwekezaji mkubwa atakayekaribia, kampuni itakufa kwa kukosa mtaji, na huyo mdogo atapoteza zote. Sheria nayo inabana: kampuni binafsi nchini Kenya, na Tanzania pia, haitakiwi kuvuka wanachama 50. Lakini hili lina dawa inayojulikana. Seedrs tangu mwanzo ilishika hisa za wananchi kwa niaba yao, ikawa jina moja kwenye daftari la wanahisa, ikisaini kwa niaba ya mamia. Crowdcube ilianza kwa kumwandika kila mtu mwenyewe, na mara nyingi wenye fedha kidogo walipewa hisa zisizo na kura, kisha baadaye nayo ikaleta utaratibu wa mwakilishi. Mwakilishi mmoja hamtishi mwekezaji. Haki ya kuuza pamoja na waanzilishi kwa bei ile ile, siku waanzilishi wanapouza, haimgharimu mwekezaji mpya chochote. Kubadilishiwa hisa kampuni ikihamia Delaware ni karatasi moja ya wakili.

Kinachogharimu ni upendeleo, na hapo nakubali kwamba mwananchi hawezi kuuzuia. Mwenye milioni 200 atasimama mbele, ndivyo ulimwengu wa mitaji ulivyo. Lakini basi bei ifuate nafasi. Nimewahi kuombwa kusoma rasimu ya mkataba wa wanahisa wa kampuni ambayo sitaitaja. Haki za wananchi zilikaa kwenye aya moja fupi: hawana kura, hawana haki ya kununua hisa mpya kabla ya wageni, na bodi inaweza kuunda daraja jipya la hisa bila kuwauliza. Bei waliyotakiwa kulipa? Ile ile kwa kila hisa aliyolipa mfuko wa nje kwenye raundi iliyotangulia, kwa hisa za upendeleo. Mtu anauziwa nafasi ya nyuma kwa bei ya nafasi ya mbele, kisha anaambiwa amepata fursa sawa na wakubwa. Nilipomuuliza kijana aliyeniletea, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alisema ndiyo thamani ya kampuni, wakili alishaithibitisha.

Kwa hiyo kama Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inataka soko hili likue bila kuzaa kilio, kuna jambo moja la kuanza nalo, na ni dogo. Kila kampuni inayokwenda kwa umma ichapishe ukurasa mmoja unaoonyesha mwenye hisa za shilingi 50,000 atapata kiasi gani kampuni ikiuzwa kwa nusu ya thamani ya leo, kwa thamani ile ile, na kwa mara tatu, kabla na baada ya kuingia mwekezaji wa hisa za upendeleo. Shilingi, si asilimia. Mhasibu yeyote anaweza kuuandaa asubuhi moja. Usitegemee jukwaa lidai ukurasa huo kwa hiari yake. Kwa kawaida jukwaa hulipwa na kampuni, kwa asilimia ya fedha zilizopatikana, na hulipwa pale tu mchango unapofanikiwa, hivyo mteja wake ni kampuni. Mwekezaji mmoja mwenye milioni 20 angekuja na wakili na angeondoka na masharti. Watu 400 wenye milioni 20 zile zile kwa pamoja, kila mmoja yuko peke yake na simu yake, anabonyeza namba ya siri ya M-Pesa, na hakuna aliyeajiriwa kukaa upande wao wa meza.